Birika la biharusi na baridi ya Kahama



Leo hatuna mshono mpya wala mapishi. Tunataka kuzungumza habari ya birika letu la maji ya moto na namna tunavyolitayarisha kabla ya miezi ya baridi, maana harusi nyingi za huku bara hufungwa baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, na hapo ndipo baridi inapokuwa kali. Ndani yake kuna jambo moja ambalo tumelibeba kifuani muda mrefu. Soma mpaka mwisho, tafadhali, hata kama huna birika wala huna harusi.

Mtu wa Unguja akisikia kuwa Kahama kuna baridi hucheka. Kipupwe cha kwetu ni upepo wa bahari mchana na shuka moja usiku, basi. Kahama iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na mvua zikishakatika mwezi wa Mei mbingu inakuwa safi kabisa. Mchana jua linawaka, lakini likizama joto lote linaondoka nalo, hakuna wingu la kulizuia. Alfajiri ya Julai ukifungua bomba kutawadha, vidole vinakufa ganzi. Mafuta ya nazi yanaganda chupani mpaka uyachokoe kwa kijiko. Juu ya hayo kuna vumbi la kiangazi linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, visigino vinafunguka. Sasa mchukue biharusi katika hali hiyo, mvue nguo, mpake singo mbichi mwili mzima na umwambie akae ikauke. Atatetemeka mpaka akukimbie.

Hivyo ndivyo birika lilivyoanza. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu ni mtoto wa Unguja, alimaliza kidato cha nne, akasomea ushoni, akaolewa na mfanyabiashara wa mchele na kufuata mume Kahama. Mwengine ni dada wa huyo mume, mzaliwa wa hapa hapa, na ndiye mwenye akili ya hesabu. Tulifungua kwa cherehani mbili, tukishona magauni ya harusi na mashela. Kisha wateja wakawa wanauliza: “Nyinyi watu wa Zanzibar, hiyo singo yenu mnaifanyaje?” Tukaanza kuagiza maua makavu kutoka nyumbani, mawaridi, langilangi, mpachori, mrehani, na liwa ya kusaga. Yanavuka na boti mpaka Dar es Salaam, kisha yanapanda basi, na safari nzima basi lile linanukia. Kilua na asumini mbichi huwa tunavikosa, na hakuna cha kufidia.

Birika tulilijenga uani, katika chumba kilichokuwa stoo. Matofali ya saruji, vigae vyeupe ndani, urefu futi 5, upana futi 2 na nusu, kina futi 2. Si bwawa la hoteli. Tunatia lita 300 tu, biharusi akakaa maji yakamfika kifuani. Maji ya hapa ni ya Ziwa Victoria, yanavutwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafirishwa kwa mabomba mpaka Kahama na Shinyanga. Kabla ya mradi huo watu walitegemea visima na mabwawa, na wazee wanasimulia foleni za ndoo za usiku. Kwa hiyo shangazi wa mume wetu (wa mmoja wetu, tusije tukaeleweka vibaya) alipoliona birika alisema, “Lita 300 kwa mwili mmoja? Na Mtume, sala na amani zimshukie, akioga kwa pishi moja?” Ni kweli. Imepokewa kuwa alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga josho kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Hatukuwa na la kumjibu. Tangu siku ile josho halifanywi ndani ya birika, linafanywa pembeni kwa ndoo na kata, na maji ya birika ambayo hayakuingia sabuni yanakwenda kwenye migomba na mchicha. Shangazi bado anatikisa kichwa, lakini mchicha anachukua.

Katika misimu ya kwanza tulipasha maji kwa namna iliyotujia. Tulijaribu ile koili ya umeme ya kutumbukiza kwenye ndoo. Dada, kama unatumia koili, zima kwenye soketi na uchomoe kabla hujatia hata kidole, na isiingie kabisa kwenye birika lenye mtu. Sisi ilitupiga siku moja, tukaitupa. Tukahamia kwenye mkaa. Jiko kubwa la mkaa tuliliweka ndani, kwenye pembe ya chumba, na sufuria ya maji juu yake, ili maji ya birika yakipoa tuongeze hapo hapo. Pembeni yake chetezo cha udi. Na kwa kuwa baridi ilikuwa inapenya, mmoja wetu akafanya kazi aliyosomea: akashona pazia zito la mlango lenye bitana mbili, linaloburura mpaka chini, na dirisha tukaliziba kwa blanketi. Chumba kikawa kama tumbo la mama. Tulijisifu. Biharusi walikuwa wanatoka mle wamelegea, wanasema hawajawahi kupata raha kama ile.

Sisi wenyewe Julai yote vichwa vilikuwa vinatugonga. Tulisema ni vumbi na kushona usiku.

Mwaka 2022 Mfungo Tatu uliangukia Julai, na harusi zilifuatana baada ya Idi. Alikuja msichana mmoja na mama yake, na somo wake, na shangazi watatu. Nikahi ilikuwa kesho yake baada ya Alasiri. Tulimuingiza birikani baada ya sala ya Alasiri, kanga kifuani. Somo alikaa naye mwanzo, kisha akatoka. Sisi tulikuwa tunaingia na kutoka, mara maji, mara singo. Baada ya muda akasema, “Kichwa kinaniuma. Nataka kulala.”

Tukamwambia, “Ndiyo raha ya maji hiyo.”

Tulirudi baada ya dakika chache, tukamkuta kichwa kimeinama, kidevu kimegusa maji, hajibu. Tulimtoa wawili, hatujui nguvu zilitoka wapi, tukamlaza barazani na kanga yake imelowa katika upepo ule wa baridi. Alikuwa anapumua. Shangazi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Mwengine akapiga kelele, “Amekumbwa!” Wa tatu akasema neno ambalo hatutalisahau: “Si yule bibi aliyepita mlangoni?”

Hapa lazima tueleze. Nyuma yetu anakaa bibi mjane, mtu mzima sana, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe makavu kwenye kijumba kisicho na dirisha. Siku ile alipita kuomba maji ya moto ya kuoga, tukamwambia asubiri tumalize na biharusi. Akakaa kidogo kwenye kizingiti, akamtazama msichana akipita, akasema “mzuri huyu”, akaenda zake. Nyinyi mlioko visiwani huenda hamjui uzito wa maneno hayo katika kanda hii. Shinyanga, Mwanza, Geita, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na wengine hawakuwa na kosa zaidi ya macho mekundu. Hili linajulikana nchi nzima, si siri wala si masimulizi ya zamani sana.

Tulipakia bajaji, tukafika hospitali. Daktari alipomtazama na kusikia alikuwa anaoga, swali lake la kwanza lilikuwa: “Kulikuwa na jiko la mkaa ndani?” Tukasema ndiyo. Milango imefungwa? Ndiyo. Akawekewa oksijeni, na sisi tukaelezwa pale kwenye korido. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na damu inazunguka mwilini ikiwa haina cha kubeba. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Akilala, huenda asiamke. Udi wetu mzuri ulikuwa umefunika hata ile harufu ndogo ya mkaa ambayo ingeweza kutushtua.

Mama mtu hakuwepo tulipoelezwa. Alikuwa nje kwenye benchi na shangazi, na tulipomfuata akasema, “Kuna jicho limemfuata mwanangu.” Mmoja wa shangazi alikuwa tayari kwenye simu akiwaita vijana wa nyumbani. Bibi yule alikwisha kutajwa, kwa sifa za macho yake na kwa nyumba anayokaa.

Jicho ni haki, dada zetu. Hadithi imesema na sisi tunaamini. Lakini siku ile tulijua halikuwa jicho, na tulinyamaza. Tunaandika haya tukiona haya. Tulihesabu kila mmoja kimya kimya: deni la vigae, kodi, biharusi sita walioandikwa kwenye daftari mpaka Agosti. Ikisemwa ni husuda, hakuna atakayeuliza habari ya jiko. Tukakaa hivyo na siri yetu mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Tulisali kwenye varanda ya hospitali, juu ya kanga iliyokuwa bado na unyevu wa singo. Sala ilipokwisha wifi mtu akainuka bila kumngoja mwenzake, akaenda akapiga magoti mbele ya yule mama, akasema, “Mama, si jicho la mtu. Ni sisi. Ni jiko letu. Daktari yuko ndani, muulize.”

Mama hakusema kitu. Aliingia ndani, akakaa muda, akatoka. Akamnyang'anya shangazi simu, akasema Kisukuma maneno machache makali, na vijana wale hawakuja. Kwetu sisi hakutupa hata jicho.

Msichana aliamka usiku. Alhamdulillah, Alhamdulillah. Nikahi ilisogezwa siku mbili. Fedha zao tulizirudisha zote, pamoja na za gauni, na gauni tukaliacha. Kati ya wale biharusi sita waliokuwa kwenye daftari, wanne waliondoka, na hatukuwalaumu. Birika lilikaa kavu mpaka mwaka uliofuata. Watoto walikuwa wanaliwekea mipira.

Kilichotufanya tulirudie ni kumbukumbu ya skuli. Mmoja wetu akiwa darasani Unguja walipelekwa Hamamni, Mji Mkongwe, pale palipojengwa na Sayyid Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888. Mwaka mwengine wakapelekwa Kidichi, kwenye mahamamu aliyoyajenga baba yake, Sayyid Said, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, yenye nakshi za chokaa za maua, mitende na ndege. Watoto wa skuli tulikuwa tunatazama ndege tu na kucheka mwangwi. Lakini kuna vitu viwili jicho liliviona, na akili ikavikumbuka miaka ishirini baadaye, usiku, usingizi umekataa. Hamamni moto haukuwa unakaa chumba kimoja na muogaji. Ulikuwa mahali pake, joto likipita chini ya sakafu. Na juu ya kuba kulikuwa na matundu. Wale watu walikuwa na mali ya kufunga kila kitu kama wangetaka, wakaacha matundu.

Basi hivi ndivyo tunavyotayarisha sasa.

Kazi inaanza mwisho wa Mei, mvua zikishakatika. Tunalimwaga birika, tunaliacha wazi siku mbili likauke, kisha tunapita na tochi kwenye viungo vya vigae. Palipopasuka tunakwangua na kujaza saruji nyeupe, na hatutii maji mpaka zipite siku tatu, hata aje biharusi wa waziri. Ukoga wa vigae tunausugua kwa ndimu na chumvi, tunasuuza mara nyingi. Dawa ya klorini tunaitia siku nyengine kabisa. Usichanganye klorini na ndimu wala siki, dada yangu, hata kwenye choo chako cha nyumbani: inatoa hewa ya sumu inayounguza kifua. Tangi la nje, la lita 2,000, tunalimwaga tope la chini na kukaza kifuniko, kwa sababu vumbi la Juni linapita hata penye tundu la sindano, na kiangazi maji yakikatika siku mbili ni hilo tangi tu linalotuokoa.

Moto sasa uko nje, nyuma ya ukuta. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea pipa la bati jipya lenye bomba chini, na bomba hilo linapita ukutani mpaka kwenye birika. Bati jipya, tunarudia. Kahama ni mji wa migodi na mapipa yaliyotumika yanauzwa rahisi barabarani, lakini huwezi kujua pipa lilibeba dawa gani ya dhahabu kabla halijafika kwako, na kuliosha hakusaidii. Chini ya pipa ni jiko la pumba za mpunga. Hii ndiyo neema ya Kahama: mashine za kukoboa zimejaa mji mzima, na pumba ni milima kwa milima, wenyewe wanatafuta wa kuwaondolea. Unazishindilia jikoni huku umesimamisha mti katikati, ukiuchomoa unabaki na tundu la kupitisha hewa, unawasha kwa chini. Linawaka polepole asubuhi nzima. Moshi wake ni mwingi, ndiyo maana liko nje na lina bomba la moshi linalopita juu ya paa.

Maji yanayochemka tunayapima kwa debe. Septemba na Oktoba, joto likiwa kali, debe mbili na nusu zinatosha, mengine yote ni ya tangi. Julai asubuhi tunahitaji debe nne, na hata hivyo vigae baridi vinakunywa joto la mwanzo. Hapo ndipo cherehani iliporudi kazini. Tulinunua sponji ya inchi 3, tukaivika turubai, tukashona pindo mara mbili na kulitia uzi wa kushonea mahema. Kifuniko kina vipande viwili vinavyokunjika katikati. Tunatia maji, tunafunika hapo hapo, tunaacha vigae vipate moto polepole wakati biharusi anapakwa singo chumba cha pili. Akimaliza, maji bado yapo vilevile. Mwanzo tulikuwa tunapoteza debe nzima kwa mvuke tu.

Kipimajoto tumenunua. Nyuzi 38, na isizidi 40. Kisugudi cha mkono hudanganya ukitoka kwenye baridi, kila kitu kinakuwa cha moto. Anakaa dakika 20, hazidi, maana maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya ngozi na baridi ya nje inamalizia. Akitoka anapakwa mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Hina ni baada ya birika, siyo kabla, ukiloweka hina mpya kwenye maji ya moto rangi inapauka na tutalaumiwa sisi. Mjamzito hatumuingizi, wala mwenye presha, hata akitusihi. Anapewa maji ya uvuguvugu kwa ndoo. Na biharusi haachwi peke yake hata kwa muda wa kuchukua taulo. Anaoga na kanga yake tuliyoishona lastiki juu isimvuke, kwa kuwa hata kati yetu wanawake kuna mipaka, na mtu anapositirika ndipo anapokubali kukaa na msimamizi.

Matundu ni mawili. Moja chini, karibu na sakafu, tofali zima limetolewa na wavu ukawekwa. La pili juu chini ya dari, matofali ya urembo yenye matundu, upande wa pili wa chumba. Hayana mlango, kwa hiyo hakuna mtu mwenye baridi atakayeyafunga. Lile pazia la bitana mbili tulilikata futi nzima kwa chini. Mkono ulikuwa mzito kulikata, kazi ilikuwa nzuri. Chumba ni baridi zaidi kuliko zamani, hatudanganyi. Biharusi akitoka majini anasema “uuh!” na tunamfunika blanketi lililopashwa juu ya kifuniko cha pipa. Udi anafukizwa barazani, chetezo hakivuki kizingiti.

Bibi wa nyuma anapata ndoo yake ya maji ya moto kila asubuhi ya Juni mpaka Agosti. Tumeiingiza kwenye hesabu ya pumba. Kijumba chake tulimtobolea dirisha, mume wetu (wa mmoja wetu) alileta fundi. Amelalamika kuwa sasa anasikia baridi.

Mwaka jana mwezi wa Juni, asubuhi, tuko kwenye kusugua, akaingia yule mama. Hatukuwa tumemuona tangu hospitali. Alikuwa na binti mwengine nyuma yake, mdogo wa yule. Tukamwamkia, akaitikia, hakukaa. Akauliza, “Chumba kiko wapi?” kana kwamba hakijui. Akaingia, akazunguka birika, akainama akatazama palipokuwa pembe ya jiko, pana kigae kipya sasa. Akatwambia tutoke tufunge mlango. Tulibaki nje tumeshikana mikono kama wanafunzi. Kupitia kwenye nafasi ya pazia tulimuona amesimama juu ya ukingo wa birika, viatu kavua, ameinua ncha ya kanga yake mpaka kwenye yale matundu ya juu, anangoja. Ncha ikapepea. Akashuka, akaenda kupiga magoti kwenye tundu la chini, akafanya vilevile.

Alipotoka alijipangusa vumbi mikononi.

“Tarehe 19 mna nafasi?”

Wifi mtu akaenda kuleta daftari.